Tundu la Pumzi

Mimi ndiye niliyeacha lango wazi.
Niandike hilo kwanza,
kabla theluji haijaingia katika shairi na kulifunika.

Ilikuwa Novemba, kaskazini mwa Aisilandi. Nilikuwa nimelewa,
na upepo bado ulikuwa mchanga, ukichezea komeo.
Kulipokucha hapakuwa na ua, hapakuwa na njia;
hata kanisa dogo lililoezekwa udongo na nyasi
lilikuwa tuta tu kati ya matuta.
Kondoo kumi na mmoja hawakuonekana.

Steinvor hakunigombeza.
Heri angenigombeza.
Aliingia stoo, akatoka na fito mbili ndefu,
akanipa moja.

Hivi ndivyo wanavyotafuta huku:
unachoma theluji hatua kwa hatua
na kusikiliza kwa kiganja.
Mwamba hugonga. Ardhi iliyoganda hugonga vilevile.
Kondoo, alinifundisha, huurudisha ufito taratibu,
kama mtu anayeusukuma mkono wako akiwa usingizini.

Siku ya kwanza tuliwapata sita, wamekumbatiana.
Siku ya tatu wawili, mmoja amekufa.
Siku ya tano wawili tena, wote wamekufa.
Akabaki mmoja.

Wiki ikapita. Jirani yetu Thorgrimur akaja na trekta,
akavua kofia kama aliyefika msibani.
"Maji yakimwagika, Steinvor..."
Hakumalizia. Methali ya namna hiyo humaliziwa na aliyeumia.
Steinvor akammiminia kahawa,
kisha akavaa glavu zake.

Husemwa: asiyekuwapo na lake halipo.
Lakini mle zizini, kila jioni,
aliweka konzi ya nyasi kavu mahali pa yule asiyekuwapo,
na kila asubuhi alizitoa, akaweka mpya.
Nilimwona. Nikajifanya naokota ndoo.

Neno uaminifu nilikuwa nimelisikia mimbarini tangu utoto,
nikadhani ni kitu cha mbinguni, safi, kisichochoka.
Sikujua kwamba lina mgongo unaouma
na pua inayochuruzika kwa baridi,
kwamba laweza kuketi mezani siku kumi na tisa
na mtu aliyeleta hasara,
wakila samaki mkavu katika sahani moja.

Siku ya kumi na tisa, mbwa alilala chini akakataa kuondoka.
Palikuwa na tundu, dogo kama la kifungo,
kingo zake za manjano.
Pumzi ilikuwa imeyeyusha njia yake kutoka chini,
siku zote zile, moja baada ya nyingine.
Nadhani ziko sala za namna hiyo.
Hazina maneno. Hazijui kama juu kuna mtu.

Tulichimba kwa mikono.
Alikuwa amekula sufu yake mwenyewe, mbavu zahesabika,
macho yamejaa hasira. Niliipenda ile hasira.
Kabla hata ya kumtazama usoni
Steinvor alimpapasa sikio la kushoto:
ncha imekatwa, chale moja nyuma,
alama ya babu yake, na ya babu wa babu yake.
"Wetu," alisema.
Kisha akanitazama mimi,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
akalirudia neno.

Sitaki kudanganya. Watatu walikufa,
na deni lao sijui hulipwa vipi.
Bwana, kuhusu wale watatu bado sikuelewi,
wala sitajifanya nakuelewa ili shairi lipate kufunga vizuri.
Najua tu kwamba ulinitafuta kwa ufito,
nami nilikuwa mwamba, kisha ardhi iliyoganda,
kisha, sijui siku ya ngapi,
nikaurudisha.

Usiku ule nililifunga lango.
Nikarudi kulikagua.
Nikarudi tena.
Halafu gizani, pasipo mtu wa kuniona,
nikavua glavu
na kuligusa sikio langu la kushoto.